Kwa nini maji ya kidimbwi hugeuka kijani ilhali klorini imo

MAJI yanaanza kupiga kijani siku mbili kabla ya wageni kuwasili. Ni Desemba, shule zimefungwa, jua la kaskazi linachoma Nyali tangu asubuhi, na watoto wa mashangazi na wajomba wanatarajiwa kutoka bara kwa sherehe za Krismasi. Mhudumu anachota maji ya kidimbwi, anatia dawa ya kupimia, na rangi ya waridi inajitokeza barabara: klorini ni miligramu 3 kwa kila lita. Kwa mujibu wa kijikaratasi kilichoandamana na kifaa hicho, maji ni salama.

Macho, hata hivyo, yanasema mengine. Kuta zinateleza, maji yana ukungu, na sakafu ya upande wa kina haionekani vyema. Mhudumu anaongeza vidonge. Kesho yake rangi ya kijani imezidi. Anaongeza vingine.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa wenye vidimbwi vya kuogelea nyumbani, wawe Pwani au katika mitaa ya Nairobi kama vile Karen na Runda. Aghalabu lawama huelekezwa kwa pampu, kwa muuza dawa au kwa mhudumu mwenyewe. Ilhali mara nyingi kiini cha tatizo ni kemikali nyingine ambayo wengi hawaipimi kamwe, na ambayo huingia majini ikiwa imefichwa ndani ya kidonge kilekile cha klorini.

Kemikali hiyo ni asidi ya sianuriki. Wauzaji wa dawa za vidimbwi huiita stabilaiza, yaani kiimarishaji. Kazi yake ni kuikinga klorini dhidi ya jua. Ikiwa ya kiasi, huokoa fedha nyingi. Ikizidi, huifunga pingu klorini ileile iliyotumwa kuilinda.

Klorini hufanyaje kazi?

Klorini inapoyeyuka majini huunda asidi dhaifu iitwayo asidi ya haipoklorasi. Hii ndiyo inayopenya ngozi ya bakteria na kuwaua. Sehemu nyingine ya klorini hubadilika kuwa haipokloraiti, ambayo nguvu zake za kuua viini ni hafifu mno.

Kinachoamua mgao huo ni kipimo cha pH, yaani kiwango cha uasidi au ualkali wa maji. Maji yasiyo na kiimarishaji yakiwa na pH ya 7.5, takriban nusu ya klorini huwa katika hali yake kali. Kipimo kikipanda hadi 8, ni takriban robo tu inayobaki na makali hayo. Ndiyo maana wataalamu hushauri pH idumishwe kati ya 7.2 na 7.8.

Klorini ikiwa katika hali nzuri, huwamaliza viini vingi upesi. Kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani, CDC, kinaeleza kwamba klorini ya miligramu 1 kwa lita, katika maji yenye pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25, huua bakteria wa E. coli kwa muda usiofika dakika 1. Virusi vya homa ya ini aina ya A huhitaji takriban dakika 16, na vijidudu vya Giardia takriban dakika 45. Kryptosporidiamu, kimelea kinachosababisha kuhara, ni sugu kupindukia: huweza kustahimili kwa dakika 15,300, ambazo ni zaidi ya siku 10.

Tanbihi muhimu ni kwamba nyakati hizo ni za maji yasiyo na kiimarishaji. Kikiwemo, muda huo hurefuka.

Jua, adui wa klorini

Kama klorini ni hodari hivyo, kiimarishaji ni cha nini basi? Jibu liko angani.

Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunjavunja klorini. Katika maji yasiyo na kinga, jua la adhuhuri huweza kuangamiza nusu ya klorini kwa muda usiozidi saa 1. Kwa nchi inayopitiwa na ikweta kama Kenya, ambako jua halipungui makali kwa msimu mrefu wa baridi kama ilivyo Ulaya, mwenye kidimbwi kisicho na paa angelazimika kutia dawa asubuhi, mchana na jioni.

Asidi ya sianuriki huondoa adha hiyo. Hushikana na klorini na kuiweka katika hali ambayo miale ya jua haiivunji kwa urahisi. Kadiri klorini iliyo huru inavyotumika kuua viini, iliyoshikwa huachiliwa kidogo kidogo kuchukua nafasi yake. Ni kama ghala: mali haipo yote sokoni, lakini haiozi juani.

Kwa vidimbwi vingi vya nyumbani vilivyo wazi, kiimarishaji cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Kidimbwi kilicho ndani ya jengo hakihitaji hata chembe moja.

Pale ghala linapofungwa

Tatizo ni kwamba kadiri kiimarishaji kinavyoongezeka ndivyo klorini iliyo tayari kufanya kazi inavyopungua. Hata katika kiwango kinachopendekezwa, zaidi ya asilimia 90 ya klorini huwa imeshikwa wakati wowote ule. Kiimarishaji kikifika miligramu 100 au 120, kile kinachosalia huru ni kidogo kiasi kwamba mwani hukua upesi kuliko unavyouawa.

Kibaya zaidi, kifaa cha kawaida cha kupimia klorini hakitofautishi kati ya iliyo huru kabisa na iliyoshikwa na kiimarishaji. Dawa ya kupimia huivuta yote na kuihesabu pamoja. Hivyo basi mhudumu wa Nyali hakudanganywa na macho yake wala na kifaa chake. Klorini ya miligramu 3 ilikuwamo kweli. Ila ilikuwa imefungwa.

Ndiyo maana hakuna kiwango kimoja cha klorini kinachofaa kila kidimbwi. Kanuni inayotumiwa na watunzaji wengi ni kuhakikisha klorini haishuki chini ya asilimia 7.5 ya kiimarishaji. Kiimarishaji kikiwa 40, klorini isipungue 3. Kikiwa 80, klorini isipungue 6. Kikifika 120, itabidi klorini iwe 9, kiasi kinachokaribia miligramu 10 ambacho CDC husema kisipitwe watu wakiwa majini.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu usalama wa vidimbwi, lilishauri asidi ya sianuriki isizidi miligramu 100 kwa lita. Huo ni upeo wa juu, wala si shabaha ya mwenye nyumba.

Haba na haba

Kiimarishaji hiki hutoka wapi hata kikafika 120, ilhali mwenye nyumba hakumbuki kukinunua zaidi ya mara moja?

Hutoka ndani ya vidonge. Vidonge vikubwa vyeupe vinavyowekwa katika chombo kinachoelea, na ambavyo hupendwa kwa sababu huyeyuka polepole, kwa kawaida hutengenezwa kwa trikloro, kemikali inayounganisha klorini na asidi ya sianuriki. Dikloro, ambayo huuzwa kama chembechembe, nayo ni vivyo hivyo, tena huacha kiimarishaji kingi zaidi kwa kila kipimo cha klorini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kidimbwi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 75,000 za maji. Kidonge kimoja cha trikloro cha gramu 200 huongeza klorini ya takriban miligramu 2.4 kwa lita katika maji hayo. Papo hapo huongeza kiimarishaji cha takriban miligramu 1.5.

Klorini hiyo hutumika ikaisha siku ileile au kesho yake. Kiimarishaji hakiendi popote. Hakipandi hewani pamoja na mvuke, hakinaswi na kichujio cha mchanga, na jua halikiharibu. Haba na haba hujaza kibaba: kidonge kimoja kwa siku, kwa muda wa siku 60, huongeza takriban miligramu 90. Kidimbwi kilichoanza Oktoba kikiwa na 40 kitaingia Desemba kikikaribia 130, kasoro kiasi kidogo kilichotoka na maji yaliyorushwa na waogeleaji au kumwagwa wakati wa kuosha kichujio.

Kuongeza maji ya mfereji ili kufidia yaliyokauka hakusaidii. Maji hukauka, kiimarishaji hubaki, kama chumvi inavyobaki chunguni.

Kupima bila kubahatisha

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kupima kiimarishaji chenyewe, angalau mara moja kwa mwezi. Kifaa chake ni rahisi. Maji ya kidimbwi huchanganywa na dawa iitwayo melamini, na mchanganyiko hugeuka kuwa na utusitusi kama maji yaliyotiwa maziwa. Kisha humiminwa polepole katika kibomba chenye doa jeusi chini. Pale doa linapotoweka machoni ndipo kipimo husomwa. Kazi hii ifanywe nje kwenye mwanga, mgongo ukielekezwa kwa jua.

Klorini na pH zipimwe mara kwa mara zaidi. Kila siku wakati wa jua kali au kidimbwi kinapotumiwa na watu wengi, na angalau mara 2 au 3 kwa wiki nyakati nyingine. Vikaratasi vya kuchovya ni vya haraka lakini havina uhakika sana. Vifaa vya matone au vidonge vya kupimia ni bora.

Kuna mtego mmoja wa kujihadhari nao. Klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, huweza kuifuta rangi ya waridi mara tu inapotokea, na maji yakaonekana kama hayana klorini kabisa. Mhudumu asiyejua hili ataongeza dawa juu ya dawa. Njia ya kuepuka kosa hilo ni kuchanganya maji ya kidimbwi na kiasi sawa cha maji safi yasiyo na klorini, kupima tena, kisha kuzidisha jibu kwa 2.

Harufu nayo hupotosha. Watu wengi wakisikia harufu kali na kuwashwa macho hudhani klorini imezidi. Ukweli aghalabu ni kinyume chake. Harufu hiyo hutokana na kloramini, zinazoundwa klorini inapokutana na jasho na mkojo. Ni ishara kwamba klorini iliyopo imelemewa na kazi. Kuoga kabla ya kuingia majini, na kuwatoa watoto mara kwa mara waende msalani, huokoa dawa nyingi.

Tiba ni maji

Kiimarishaji kikishazidi, mwenye nyumba ana njia moja ya uhakika: kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine.

Ili kushuka kutoka 120 hadi 40, thuluthi mbili za maji lazima zibadilishwe. Kwa kidimbwi cha lita 75,000 hiyo ni lita 50,000, sawa na malori 5 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Katika mji kama Mombasa, ambako mitaa mingi hungoja maji ya mfereji kwa zamu na watu hununua kwa mitungi, huo si mzaha. Gharama ya kupuuza kipimo kimoja cha kila mwezi hulipwa kwa maji ambayo yangetosheleza familia nyingi.

Kazi hiyo ifanywe kwa awamu. Kidimbwi kisikaushwe kabisa, hasa msimu wa mvua, kwani maji yaliyojaa ardhini huweza kukisukuma kutoka chini na kukipasua. Kadhalika, maji yenye klorini yasielekezwe kwenye kijito au baharini, kwa kuwa huua samaki. Yaachwe kwanza bila dawa hadi klorini iishe.

Mvua nayo yaweza kuwa mshirika. Maji yanayokingwa kutoka paani wakati wa masika na vuli, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, hayana kiimarishaji wala chokaa. Mwenye tangi la kukingia mvua anaweza kupunguza maji ya kidimbwi kidogo kidogo na kujazia hayo, asihitaji lori hata moja.

Kuchagua klorini ya kutumia

Kinga iliyo bora ni kutotegemea vidonge mwaka mzima. Kiimarishaji kitiwe mara moja hadi kifike 30 au 40, kisha klorini ya kila siku iwe ya aina isiyokibeba.

Kuna aina 2 kuu. Ya kwanza ni klorini ya maji, yaani sodiamu haipokloraiti. Haiongezi kiimarishaji wala chokaa, lakini hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto. Inunuliwe kidogo kidogo na ihifadhiwe kivulini.

Ya pili ni kalisi haipokloraiti, unga au chembechembe ambazo kwa kawaida huwa na klorini ya asilimia 65 hadi 70. Katika kidimbwi cha lita 75,000, takriban gramu 115 za unga wa asilimia 65 huongeza miligramu 1 ya klorini kwa lita. Kasoro yake ni kwamba huongeza chokaa. Maji ya visima vya Pwani, yaliyopitia miamba ya matumbawe, tayari huwa na chokaa tele, hivyo unga huu ukizidi huacha ukoko mweupe kwenye vigae na mabomba.

Aina zote 2 huelekea kupandisha pH, nayo hurekebishwa kwa asidi. Trikloro hufanya kinyume: hushusha pH, na anayeitumia huhitaji magadi kuipandisha. Magadi hayo ni yaleyale yanayovunwa katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado.

Vidonge si haramu. Vinafaa mathalani familia inaposafiri kwa wiki moja au mbili. Muradi ihesabiwe kwamba kila kimoja kimeacha kitu nyuma.

Kwa kidimbwi kipya cha lita 75,000, kilo 2.25 za asidi ya sianuriki hufikisha kiwango cha 30. Huyeyuka kwa taabu, hivyo hutiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa mbele ya tundu linalorudisha maji. Huchukua hadi wiki moja kuonekana kikamilifu katika kipimo. Anayeongeza nyingine kabla ya hapo hujitafutia balaa. Klorini yenyewe itiwe jioni, pampu ikizunguka, ili ifanye kazi usiku kucha bila kuandamwa na jua.

Usalama kwanza

Dawa hizi ni kali. Trikloro na kalisi haipokloraiti zisichanganywe kamwe, hata kwa kutumia kijiko kimoja au chombo kimoja kinachoelea. Zikikutana huweza kushika moto au kulipuka. Asidi ikimwagikia klorini hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo majeshi ya Ujerumani yalitumia kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Dawa hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya dawa. Ghala liwe kavu, lenye hewa, na lenye kufuli ambalo mtoto hawezi kulifikia.

Iwapo mtu atahara ndani ya kidimbwi, watu wote watoke. CDC hupendekeza kiimarishaji kishushwe hadi 15 au chini ya hapo kwa kubadilisha maji, kisha klorini ipandishwe hadi miligramu 20 kwa lita na kudumishwa hapo kwa saa 28, ndipo kryptosporidiamu iangamie. Ni mfano mwingine wa jinsi kiimarishaji kinavyochelewesha kazi: pasipo nacho, takriban saa 13 zingetosha.

Na kuna kanuni isiyohitaji kifaa chochote. Ikiwa tundu la kutolea maji lililo sakafuni upande wa kina halionekani waziwazi kutoka ukingoni, hakuna mtu anayepaswa kuingia majini. Mtoto aliyezama katika maji ya kijani haonekani, na dakika chache zinatosha kumpoteza.

Kwa familia ya Nyali, basi, vidonge zaidi si jibu. Kidimbwi kifungwe, kiimarishaji kipimwe, maji yabadilishwe, kisha klorini isiyo na kiimarishaji itiwe na kudumishwa hadi mwani ufe, kuta zikisuguliwa na pampu ikizunguka mchana na usiku. Pengine wageni watafika kabla kazi haijaisha. Hilo si hasara kubwa, kwani bahari ya Nyali haiko mbali. Mwaka ujao, kipimo cha mwisho wa Oktoba na kingine mwishoni mwa Novemba vitatosha kuhakikisha watoto wanaogelea nyumbani.